Bomba Gani Hilo, Mama?

Yapo maneno katika Kiswahili yaliyobebeshwa mizigo mingi, na "bomba" ni mojawapo. Tulilipata kwa Wareno, ambao kwao neno hilo hilo ni pampu na pia ni bomu. Sisi tuliichukua pampu, kisha tukalipanua neno bila kuchoka. Daktari hushika bomba la sindano. Mkulima hubeba mgongoni bomba la kunyunyizia dawa. Mwogaji husimama chini ya bomba la mvua. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga limepimiwa kilometa 1,443. Vijana nao, wakipendezwa na jambo lolote, husema ni "bomba". Wazee hununa, lakini nani aliyewahi kutembea na ndoo kichwani asiyewaelewa?

Unguja wengi husema "mfereji", na Wakongo wa mashariki "robine". Hayo ni mambo ya ladha. Penye maji ya kunywa, hata hivyo, utata wa bomba si wa kuchekea.

Tuitazame Pajulu, iliyoingizwa katika jiji la Arua mwaka 2020. Kwa Kiswahili chetu, huko yapo mabomba ya aina mbili. La kwanza ni la Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi maji ya mji huo yamechotwa mto Enyau, yakachujwa na kutiwa dawa kabla ya kupelekwa majumbani. La pili ni bomba la mkono, lile la U2 lenye mpini mrefu wa chuma, ambalo asili yake ni India. Hili huvuta maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, na maji hayo hayakutiwa dawa yoyote. Mara nyingi hutoka safi, lakini sakafu ya kisima ikipasuka, au choo kikichimbwa karibu, uchafu hupata njia.

Basi mama akiambiwa kwamba maji ya mtoto ni "ya bomba", ameambiwa nusu tu ya habari. Hajui kama yalitiwa dawa, wala jerikeni iliyoyaleta ilioshwa lini. Na ayachemshe.

Utata huo humrudia bomba linapokatika maji. La mkono likifa, wa kuambiwa ni kamati ya maji ya kijiji, imtafute fundi wa kung'oa vyuma kisimani. La nyumbani likikauka, ni ofisi ya shirika. Taarifa ya "bomba limeharibika", bila neno la kuongeza, yaweza kulala mahali pasipohusika huku wanawake wakirudi mtoni.

Hata ndani ya nyumba tutofautishe. Bomba ni njia ya maji. Kinachofungwa kwa mkono ni koki. Koki ikidondosha maji usiku kucha, mara nyingi kilicholika ni kipira chake kidogo. Mwambie fundi hivyo hivyo kabla hajaanza kukupigia hesabu ya bomba jipya.