Mipira ya Kariakoo: kagua mshono kabla ya bei

MFANYABIASHARA wa mkoani anayefuata mipira ya soka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mara nyingi huuziwa ikiwa haina upepo. Kasoro hujitokeza mzigo ukishafika kijijini, na mtaji umekwenda.

Mpira wa kawaida una vipande 32: 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano. Mji wa Sialkot, Pakistan, una sifa duniani kwa kuvishona kwa mkono. Ya bei poa hushonwa kwa mashine, kwa uzi mwembamba unaoachia mapema.

Basi ujazwe upepo palepale dukani, kisha mshono ubonyezwe, uzi usichungulie. Upimwe pia: kwa sheria za soka, namba 5 ni gramu 410 hadi 450. Ukilegea kufikia asubuhi, unavuja.