Kompyuta yenye Skrini Mbili Yahitaji Hewa

Ni nadra siku hizi kuingia katika chumba cha operesheni, au katika ofisi ya upelelezi kituoni, usikute kompyuta mpakato iliyounganishwa kwa waya na skrini kubwa. Katika skrini kubwa huonyeshwa ramani. Katika ile ndogo huandikwa taarifa. Mpango huu ni mzuri, lakini huzaa joto. Kazi ikiendelea kwa muda, feni huvuma, mahali pa kuwekea viganja huunguza, na ramani huanza kujikokota. Ikiwa saa hiyo ndipo doria inaposubiri maelekezo, kuchelewa huko si jambo dogo.

Je, joto hilo hutoka wapi? Skrini ya pili hutumia umeme wake yenyewe, lakini picha yake huchorwa na kompyuta. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kwa kawaida picha yake huonyeshwa upya mara 60 katika kila sekunde. Skrini ya 4K ina nukta 8,294,400, yaani mara nne ya hizo. Isitoshe, kompyuta nyingi zenye nguvu zina chipu mbili za kuchora picha: ndogo isiyotumia umeme mwingi, na kubwa ambayo hulala mpaka ihitajiwe. Mara nyingi tundu la skrini ya nje limeunganishwa na ile kubwa. Hivyo ukichomeka waya, chipu hiyo hukesha hata kama unaandika barua tu.

Ifahamike kwamba kompyuta inayopunguza mwendo inajilinda. Prosesa nyingi huvumilia joto la karibu nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi. Zikifika hapo hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine hujizima. Kazi ambayo haijahifadhiwa huweza kupotea papo hapo.

Hatua ya kwanza ni hewa. Kompyuta nyingi huvuta hewa kwa chini na kuitoa kwa nyuma au ubavuni. Kwa hiyo usiiweke juu ya blanketi, kitanda wala koti. Inyanyue upande wa nyuma kwa vipande viwili vya mbao, kiasi cha sentimita 2 au 3, bila kuziba matundu yake. Wako wanaofunika kompyuta ili watumie skrini kubwa peke yake; iache wazi, kwani mashine nyingine hupumua pia kupitia vibonyezo. Iepushe na jua la dirishani. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 35 kuwa kikomo cha joto la mahali pa kazi, na ndani ya hema au chini ya bati mchana kikomo hicho hupitwa kwa urahisi.

Hatua ya pili ni vumbi. Askari aliyeko Karamoja wakati wa kiangazi haelezwi vumbi ni nini. Zima mashine, chomoa umeme, kisha puliza matundu kwa hewa ya kopo, kidogo kidogo, huku feni imezuiwa isizunguke. Kuifungua ndani ni kazi ya fundi, ambaye pia atabadilisha dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa.

Hatua ya tatu ni kupunguza kazi. Skrini iliyowekwa kuonyesha picha mara 144 kwa sekunde irudishwe 60. Kwa ramani na taarifa zatosha. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inayotumia nguvu nyingi, kisha ifunge ile usiyoihitaji. Chagua mpango wa kuokoa umeme. Na kama kompyuta ina matundu zaidi ya moja ya skrini, jaribu jingine. Huenda limeunganishwa na chipu ndogo.

Kuna mambo mawili ya kuepuka. Usipoze kompyuta kwa barafu, jokofu wala kitambaa kibichi, kwa sababu unyevu huharibu sakiti. Na ukiona umbo lake limevimba, huenda betri imeharibika. Zima, chomoa, usiitoboe wala kuichaji tena, bali ikabidhi kwa fundi, kwani betri ya namna hiyo huweza kuwaka moto.

Askari hangoji bunduki ikwame ndipo aisafishe. Kompyuta ya kikosi nayo ipangiwe siku ya kukaguliwa na mtu wa kuisimamia, ili siku ya kazi ngumu ramani ionekane, na waliomo porini wapate maelekezo kwa wakati.