Istilahi za Motokaa ya Umeme: Gari Kitalu na Mteremko wa Mbamba Bay

Vifaa vingi vipya vya motokaa hutangulia katika magari ya bei kubwa. Mwaka 1978 breki zinazozuia magurudumu yasikwame zilianza kutolewa katika Mercedes-Benz S-Class. Baadaye ukafuata mfuko wa hewa. Leo vyote viwili vimo katika magari ya watu wa kawaida. Kifaa kipya ni ghali, na mnunuzi mwenye uwezo huibeba gharama hiyo. Tena magari yakiwa machache, kasoro huonekana mapema. Kwa upande wa motokaa za umeme, Tesla Model S ya mwaka 2012 ilishika nafasi hiyo: programu zake zilihuishwa bila gari kupelekwa karakana.

Gari la namna hii tuliiteje? “Gari la majaribio” halifai, kwa kuwa laonyesha gari ambalo bado halijauzwa. Tunapendekeza “gari kitalu”. Mkulima wa kahawa wa Mbinga huotesha miche kitaluni, akaitunza, kisha akaihamishia shambani. Ndivyo vifaa hivi vinavyohama. Ni kweli kwamba kitalu ni pia eneo la uwindaji au la madini, lakini muktadha huondoa utata huo.

Vifaa vikihama, majina nayo huhama, na jina baya laweza kuleta ajali. Tutazame mifano miwili.

(a) Urejeshaji nishati. Motokaa ya umeme inapoteremka, mota yake hugeuka jenereta: hupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Si jambo la anasa pekee, kwani Toyota Prius ilikuwa nalo tangu 1997. Kuliita “breki ya umeme” kwaweza kumponza dereva. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Dereva atakayeanza safari ya Mbamba Bay na betri iliyojaa hana pa kuuweka umeme wa mteremko. Msaada wa mota hupungua, naye hutegemea breki za kawaida. Istilahi “urejeshaji nishati” yaeleza kinachotendeka wala haiahidi kwamba gari litasimama.

(b) Msaada wa uendeshaji. Mwaka 2015 Tesla iliwafungulia wanunuzi mfumo uitwao Autopilot, unaoshika mwendo na njia. Wako watakaoshawishika kuufasiri “gari linalojiendesha”. Tafsiri hiyo ni ya hatari, kwani dereva hutakiwa kuwa macho na kuwa tayari kushika usukani wakati wote. Jina la biashara limewekwa ili kuuza. Istilahi huwekwa ili kueleza.

Tangu mwaka 2018 njia ya umeme ya Makambako–Songea imeuunganisha Mkoa wa Ruvuma na gridi ya Taifa, hivyo kuchaji motokaa huko si ndoto. Yafaa istilahi zitangulie magari. Tunawaomba wafasiri wa vitabu vya maelekezo, walimu wa ufundi na watumishi wanaoandika kanuni za usalama barabarani wazipime istilahi hizi tatu katika kazi zao, na watuletee maoni yao pamoja na majina ambayo madereva na mafundi wenyewe wameanza kuyatumia.