Ngao ya Chura

Mtoto akijikata mguu, kisha akakanyaga maji machafu ya kinamasi, mara nyingi kidonda chake huvimba na kutunga usaha. Lakini chura hukaa katika maji yale yale usiku na mchana. Naye pia hukwaruzwa na mawe na kuumwa na adui. Mbona vidonda vyake haviozi?

Katika Ituri, kwenye uwanda wa juu wa Lendu, upande wa kaskazini wa Bunia, yuko chura mwenye kucha katika miguu ya nyuma. Hana ulimi, na maisha yake ni majini. Mwaka 2011 wataalamu walimpa jina la Xenopus lenduensis, yaani chura wa Lendu.

Siri ya vyura hawa ilijulikana kwanza kwa ndugu yao wa Afrika ya Kusini. Huko Marekani, daktari Michael Zasloff aliwapasua vyura, akawashona, akawarudisha katika maji yasiyo safi. Vidonda vikapona bila usaha. Alipochunguza ngozi yao, akakuta dawa. Mwaka 1987 akaiita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Mwaka 2012 wataalamu walieleza kwamba chura wa Lendu naye anazo dawa za jamii hiyo katika ute wa ngozi yake.

Magainini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi sana, wenye pete 23 tu. Hufanyaje kazi? Kila kijidudu kimefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo una umeme hasi, na magainini ina umeme chanya. Umeme wa namna hizi mbili huvutana. Basi magainini hushika utando, hujipenyeza ndani yake na kuutoboa. Kibuyu kikitoboka, maziwa humwagika. Vivyo hivyo, yaliyomo ndani ya kijidudu huvuja, nacho hufa.

Chura mwenyewe hadhuriki. Utando wa nje wa chembe za mwili wake hauna umeme hasi mwingi, tena umekazwa na mafuta yaitwayo kolesteroli.

Siku hizi vijidudu vingi vimezoea dawa za hospitali, havifi tena upesi. Kwa hiyo wataalamu walitaka ngao ya chura iwasaidie watu. Lakini mwaka 1999 serikali ya Marekani haikukubali dawa ya vidonda iliyotengenezwa kwa mfano wa magainini, kwa kuwa haikuonekana kuzipita dawa nyingine. Kazi inaendelea.

Basi mwenye kidonda asijipake ute wa chura. Aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, aende kituo cha afya, na amalize dawa zote alizopewa. Ngozi ya mtu nayo ina peptidi zake. Ngao hiyo itunzwe vema.

Maswali
1. Neno magainini linatokana na neno lenye maana gani?
2. Kwa nini magainini huvutwa na utando wa kijidudu?
3. Mtoto aliyejikata afanye nini?