Mtoto wa Marehemu na Kodi ya Marekani

Nchi zetu za Maziwa Makuu zina watu wengi wanaoishi Marekani. Wako Wakongo waliopokewa huko kama wakimbizi, na wako Warundi waliohamishwa kutoka makambi ya Tanzania kuanzia mwaka 2007. Miongoni mwao wapo wazazi wanaolea watoto peke yao. Mzazi wa namna hiyo anapofariki, ukoo hukutana, huzika, kisha huamua mtoto atakaa na nani. Uamuzi huo una uzito pia mbele ya sheria ya kodi ya nchi hiyo, na mara nyingi jamaa hulitambua jambo hilo wakati umekwisha kupita.

Fedha zinazohusika si kidogo. Kwa mapato ya mwaka 2025, mtoto ambaye hajatimiza miaka 17 mwishoni mwa mwaka aweza kumpunguzia mlezi wake kodi hadi dola 2,200, mradi mtoto na mlezi wawe na nambari za Hifadhi ya Jamii. Tena, mlezi asiye na ndoa anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba aweza kuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya. Hapo dola 23,625 za mapato yake hazitozwi kodi, badala ya dola 15,750 anazoachiwa mtu anayeishi peke yake.

Ikumbukwe kwanza kwamba marehemu naye bado ana hesabu yake. Msimamizi wa mirathi hupaswa kupeleka taarifa ya mwisho ya mapato yake, tangu tarehe 1 Januari hadi siku ya kifo, kabla ya kupita tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata. Ikiwa mama amefariki mwezi Oktoba, na mtoto aliishi naye muda wote huo, mtoto aweza kuandikwa katika taarifa hiyo. Lakini ikiwa mama amefariki mwezi Februari, na bibi akamchukua mjukuu wake mara moja, bibi ndiye atakayekuwa ameishi na mtoto zaidi ya nusu ya mwaka, nacho ndicho kipimo cha sheria. Mtoto mmoja haandikwi na watu wawili. Endapo walezi wawili wasio wazazi wanastahili na wote wakamdai, hupewa yule mwenye mapato makubwa zaidi.

Baada ya siku, sheria hutazama undugu. Na hapa ndipo lugha yetu na sheria ya Marekani zinapoachana. Bibi na babu wanatambuliwa. Mjomba, shangazi, na dada wa mama waliozaliwa tumbo moja na mzazi wanatambuliwa. Kaka au dada mkubwa wa mtoto pia anatambuliwa. Lakini kwetu sisi, binamu wa mama naye ni mama mdogo, na mtoto humwita mama bila kusita. Sheria ya Marekani haimjui mama mdogo huyo. Kwake yeye, mtoto ni kama mgeni, na ili amwandike hata kwa nafuu ndogo ya dola 500, mtoto lazima awe ameishi nyumbani kwake mwaka mzima. Aliyemchukua yatima mwezi Machi atamlisha na kumvisha hadi Desemba, wala hatapata kitu kwa mwaka huo.

Hata hivyo, mlango haukufungwa kabisa. Mtoto aliyekabidhiwa kwa mlezi kwa amri ya mahakama, au na shirika la malezi lenye idhini, huhesabiwa kama mtoto wa kulea, hata kama hapana undugu wowote wa damu. Kwa hiyo mama mdogo aliyekwenda mahakamani mapema, mtoto akaishi naye zaidi ya nusu ya mwaka baada ya amri hiyo, anasimama mahali pamoja na bibi.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangaliwa. Mtoto aliyefiwa aweza kupata malipo ya Hifadhi ya Jamii kutokana na michango ya mzazi wake. Fedha hizo zikitumika kwa matunzo, huhesabiwa kuwa mtoto amejitunza mwenyewe. Zikizidi nusu ya gharama zake, mlezi hupoteza haki ya kumwandika. Zikiwekwa akiba kwa jina la mtoto, hazihesabiwi hivyo. Pili, mtoto asiye raia wa Marekani akirudishwa Bukavu au Gitega na kuacha ukazi wake huko, hataandikwa tena katika miaka inayofuata, hata kama mjomba anamtumia fedha kila mwezi.

Ndugu wasikilizaji, hakuna anayesema kwamba yatima alelewe kwa ajili ya dola. Lakini mlezi mwenye kipato kidogo akinyimwa haki kwa kukosa karatasi, anayepungukiwa ni mtoto. Basi jamaa wanapokaa baada ya matanga, waandike tarehe ambayo mtoto alihamia kwa mlezi, watunze barua za shule na za zahanati zenye anwani ya nyumba hiyo, wakubaliane ni nani atakayemwandika, na pale ambapo undugu ni wa ukoo tu, waende mahakamani bila kungoja mwaka uishe.