Haparanda: Mji Uliozaliwa na Mpaka

Chukua ramani ya Ulaya, panda juu kabisa mpaka pale Ghuba ya Bothnia inapoishia. Hapo ndipo mto Torne, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, unapomwaga maji yake baharini. Upande wa magharibi kuna Haparanda, mji mdogo wa Uswidi. Pembeni yake tu kuna Tornio, mji wa Ufini. Unatoka mmoja kwenda mwingine kwa miguu na hata hujachoka, ila saa yako itakuwa nyuma kwa saa nzima. Ndiyo maana mwaka mpya pale unaweza kuusherehekea mara mbili!

Sasa jiulize: miji miwili ya nini mahali ambapo mmoja ungetosha?

Zamani ulikuwa mmoja kweli. Tornio ulianzishwa mwaka 1621 na mfalme Gustav II Adolf, wakati Ufini ilikuwa chini ya Uswidi. Mwaka 1736 wanasayansi wa Kifaransa wakiongozwa na Maupertuis walifika kupima bonde la mto huo, na vipimo vyao vikasaidia kuthibitisha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake.

Kisha ikaja vita. Urusi iliishinda Uswidi, na kwa mkataba wa 1809 ikaichukua Ufini. Mpaka ukaambiwa ufuate mto. Lakini hapa kuna jambo: Tornio ulikuwa kisiwani, na mkondo mkuu unapita mashariki yake. Kwa kufuata mkondo, mji ungebaki Uswidi. Warusi waliutaka, basi mstari ukapindishwa upite magharibi. Uswidi ikabaki na ukingo usio na mji. Ikabidi kujenga mwingine kwenye kijiji cha Haaparanta, uliopata hadhi kamili ya mji mwaka 1842.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uswidi haikupigana, na kamji haka kakawa mlango kati ya Urusi na Ulaya Magharibi. Maelfu ya mateka majeruhi walibadilishana hapo. Aprili 1917 Lenin naye alipita hapo akirudi nyumbani kufanya mapinduzi.

Hadi leo hata reli hazilingani: ya Uswidi ina upana wa milimita 1,435, ya Ufini 1,524, kipimo kilichoachwa na Warusi.

Ila reli si hoja kubwa. Hoja ni watu. Waliobaki upande wa Uswidi waliongea Kifini, na shuleni watoto wao walikatazwa kukitumia. Kama ulisoma sekondari ambako kuongea Kiswahili kulikuletea adhabu, hapa huhitaji maelezo. Walijifunza kuionea aibu lugha ya mama zao, na wengi hawakuwarithisha wanao. Lugha hiyo inaitwa Meänkieli, maana yake “lugha yetu”. Ilitambuliwa rasmi Uswidi mwaka 2000 tu, na mwaka 2023 tume ya ukweli na maridhiano ikatoa ripoti kuhusu madhila hayo.

Kwa hiyo ukikutana na mpaka kwenye somo la jiografia, usiishie kwenye mstari. Uliza nani aliuchora, na uliza watoto wa pale waliongea lugha gani siku iliyofuata.