Kutafuta Muziki wa Suna Maktabani

Mwanafunzi wa Suna, Migori, akiingia kwenye hifadhidata ya maktaba na kuandika "Migori" na "muziki", hupata vitu vichache mno. Wengi hukata tamaa hapo, wakiamini kwamba muziki wa kwao haujawahi kuandikwa. Umeandikwa, ila chini ya majina mengine.

Hadi karibu mwanzo wa miaka ya 1990, Migori na Homa Bay zilikuwa ndani ya Wilaya ya South Nyanza. Kabla ya jina hilo mkoloni aliiita South Kavirondo, makao yake yakiwa Kisii. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Kenya mwaka 1950 akirekodi wapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, na wengineo, hapakuwa na wilaya ya Migori ya kutajwa kwenye lebo. Rekodi zake ziko kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Jina la ala hiyo nalo lina mitego yake. Andika "nyatiti", kisha "thum", kisha "lyre", maana wakutubi wengi waliorodhesha kwa Kiingereza. Kwa njia hiyo utaifikia tasnifu ya Washington Omondi ya mwaka 1980, Chuo Kikuu cha London, juu ya thum ya Wajaluo. Ukiongeza "dodo" utampata Patricia Opondo, aliyechunguza nyimbo za dodo katika vyama vya akina mama.

Mfano wa jina linalobadilika ninaoupenda zaidi ni wa Phares Oluoch Kanindo, mwenyeji wa Awendo, aliyetoa santuri nyingi za muziki wa benga miaka ya 1970. Santuri hizo zilifika hadi Zimbabwe, na huko watu wakauita muziki wenyewe kanindo. Mojawapo ya lebo zake, Sungura, nayo ikawapa Wazimbabwe jina la mtindo wao. Kwa hiyo anayetafuta "benga" peke yake huikosa nusu ya safari ya muziki uliotoka jirani kabisa na kwao.

Jua pia unachokiendea katika kila hifadhidata. RILM, hifadhidata ya maandishi kuhusu muziki iliyoanza mwaka 1966, hukupa hasa muhtasari na mahali maandishi yalipo. JSTOR hukupa makala yenyewe, na akaunti ya bure inakuruhusu kusoma kadhaa kila mwezi. Jarida la African Music la Rhodes husomwa bure mtandaoni. Kwa maandishi yanayolipiwa, muulize mkutubi wa Chuo Kikuu cha Rongo au wa chuo chako, kwani vyuo vyetu huchangiana gharama za usajili.

Na ukipata rekodi ya zamani, iwekee wazee wa nyumbani waisikilize. Wakimtambua mwimbaji au kijiji ambacho katalogi haikukitaja, au imekikosea, iandikie maktaba yenye rekodi hiyo barua pepe warekebishe.